UZI: Nani akae wapi kwenye ngoma? Sehemu za kukaa katika kumbi za maonyesho za wenzetu, majina yake, na duara letu la Kusini

MwanaChikongola (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni, mlioko Mtwara, Lindi na mlio nje.

Kikundi chetu cha ngoma hapa Mtwara kimepata kiwanja cha kujenga ukumbi wa wazi, na mchoro wa kwanza umeshaletwa. Upande mmoja kuna jukwaa la zege la mita moja na nusu kwenda juu. Mbele yake pameandikwa VIP A, nyuma VIP B, kisha mzunguko (viti vya bei ndogo), na juu ya lango kuna roshani ya wageni rasmi. Majina yametolewa uwanja wa mpira kama yalivyo. Kwenye mpira sina ugomvi nayo. Uwanja wa Mkapa unabeba watu 60,000, na mwenye tiketi ya mzunguko anajua apite geti gani. Lakini mapiko, ngoma ya vinyago ya Wamakonde, na sindimba, ngoma yao ya miguu na kiuno, havitazamwi kama mpira, na mchoro huu ukijengwa ulivyo, ngoma itabaki na jina tu.

Nimeambiwa "ndivyo kumbi zilivyo duniani kote". Sivyo hata kidogo. Kila sehemu ya kukaa unayoiona kwenye kumbi za wenzetu ilitokana na sababu ya watu wale, wakati ule. Ukiichukua sehemu bila sababu yake umejibebea mzigo wa mtu mwingine.

Wagiriki wa kale walikaa kwenye mteremko wa kilima. Ukumbi wa Epidaurus, wa karne ya 4 KK, una nafasi za watu wapatao 14,000. Ngazi ndizo zinazokata safu za mawe, na kila kipande kina umbo la kabari na kinaitwa kerkis. Katikati kuna njia pana ya kuzunguka, diazoma, inayotenganisha safu za chini na za juu. Viti vya heshima vya mbele viliitwa prohedria, na kule Athens kiti cha katikati kilikuwa cha kuhani wa Dionysus, mungu wa divai, kwa sababu tamthiliya ilikuwa sehemu ya ibada yake. Hiyo ni sababu. Angeondolewa yeye, sherehe ingekosa mwenyewe.

Warumi wakaikaza zaidi. Maseneta walikaa chini kabisa, kwenye nusu duara iliyo mbele ya jukwaa. Sheria ya mwaka 67 KK ikawapa watu wa daraja la pili, wale wenye mali, safu 14 zinazofuata. Kaisari Augusto akaja kuwapandisha wanawake safu za juu kabisa, wakabaki chini makuhani wa kike wa Vesta tu. Hapo kiti kimeacha kuwa mahali pa kutazamia, kimekuwa cheo.

London mambo yalikuwa tofauti kidogo. Ukumbi wa Globe, uliojengwa 1599, ulikuwa na uwanja wazi katikati. Uliingia kwa peni moja, ukasimama hapo hapo, jukwaa limeingia katikati yenu na nyinyi mmelizunguka pande tatu. Ukiongeza peni unapanda kwenye ghorofa zenye paa na mabenchi, ukiongeza nyingine unapewa mto wa kukalia. Na mabwana wakubwa? Walikuwa na vyumba vyao juu ya jukwaa, upande wa nyuma ya waigizaji. Walilipa zaidi wakaona migongo. Walichonunua pale ni kuonekana. Mtu wa peni moja ndiye aliyemwona mwigizaji usoni.

Ninalotaka mlione hasa ni la Chicago. Ukumbi wa Iroquois ulifunguliwa Novemba 1903. Tarehe 30 Desemba mwaka huo huo moto ulianzia jukwaani katikati ya onyesho la mchana, ukumbi umejaa kina mama na watoto. Walikufa watu zaidi ya 600. Kwenye ngazi za kushukia kutoka ghorofa za juu kulikuwa na mageti ya chuma yaliyofungwa. Yalifungwa ili watu wa tiketi za bei ndogo wasishuke kukalia viti vya bei kubwa. Watu wakafia kwenye mageti hayo. Tangu hapo miji mingi ilibadili sheria, milango ya kumbi ikatakiwa kufunguka kwa kusukumwa kwenda nje.

Kwenye mchoro wetu, kati ya mzunguko na VIP kuna uzio wa nondo na geti moja lenye kufuli.

Naombeni michango. Mwenye uzoefu wa ngoma, wa ujenzi, wa tamthiliya shuleni, wote karibuni. Nawasilisha.

LindiMjini

Mkuu, uzi mzito. Ila naomba kutofautiana nawe mahali pamoja. Ukumbi lazima uingize hela. Bila viti vya bei tofauti, nani atalipa umeme na mlinzi? Kiti kizuri kiuzwe ghali, mbona basi na meli ni hivyo hivyo.

Halafu kuna jambo watu hawalizingatii: kiti kizuri si kile kile kila mahali. Kwenye sinema za zamani za miji yetu ya pwani, waliokaa juu roshani ndio waliolipa zaidi, na wa chini mbele walilipa kidogo. Kitambaa cha sinema kiko juu, ukikaa mbele shingo inauma. Kwenye kumbi za opera (tamthiliya za kuimbwa) za Ulaya ni kinyume: juu kabisa ndiko kwa watu wa hali ya chini. Wafaransa wanapaita paradis, peponi, kwa kuwa uko karibu na dari. Waingereza wanasema umekaa na miungu. Enzi za mishumaa na taa za gesi joto na moshi wote ulipanda huko, na ulimwona mwimbaji utosi tu.

Kule Milano, La Scala, iliyofunguliwa 1778, sakafu ya chini inaitwa platea, vile vyumba vidogo vya pembeni vilivyopangwa ghorofa juu ya ghorofa vinaitwa palchi, na ghorofa ya juu kabisa ni loggione. Vile vyumba vilikuwa mali ya familia tajiri kama mtu anavyomiliki nyumba, wakila na kupokea wageni humo huku opera inaendelea. Lakini wanaoogopwa na waimbaji mpaka leo ni wale wa loggione. Desemba 2006 mwimbaji Roberto Alagna alizomewa kutoka huko juu, akaondoka jukwaani katikati ya opera, ikabidi mwimbaji wa akiba aingie na nguo zake za kawaida. Wa tiketi rahisi ndio wanaoujua muziki kuliko wote.

Kwa hiyo bei na ujuzi ni vitu viwili, nakubali. Ila bei iwepo.

BintiNewala

Kaka MwanaChikongola, ahsante kwa kulileta hili. Mimi nimekulia kwenye ngoma, na naona wengi mnazungumzia kutazama tu. Kwenye ngoma zetu nusu ya waliokuja si watazamaji.

Nieleze. Ngoma inapigwa upande mmoja wa duara, karibu na moto, kwa sababu ngozi ikilegea lazima ipashwe. Hapo ni pa wapigaji na wazee wanaojua nyimbo, hupangiwi na mtu. Wanawake wanaoitikia wanasimama pamoja, wakitawanywa kwenye viti kila mmoja na namba yake, kiitikio kinakufa. Watoto wako mbele chini kwenye mchanga. Nyuma yao watu wazima wamesimama, na nyuma kabisa vijana wanaokuja na kuondoka. Duara halina kamba na kila mtu anajua mahali pake. Na mahali penyewe panahama: ukishikwa na wimbo unaingia kati, unacheza, unamtuza mchezaji, unarudi.

Sasa njoo kwenye mapiko. Lipiko, yaani mchezaji wa kinyago, anatoka kichakani, amefunikwa mwili mzima, na aliye ndani ya kinyago hatajwi. Ngoma ndiyo inayomwita. Akifika anawakimbilia watu, wanawake na watoto wanarudi nyuma kwa kelele, kisha wanasogea tena. Kurudi nyuma huko ni sehemu ya mchezo. Mkifunga mabenchi ya zege pale mbele, mama mwenye mtoto mgongoni arudi wapi? Ataanguka na kuumia mtu, na mwaka unaofuata mtasema mapiko ni hatari.

Jambo la pili ni ile roshani ya juu ya lango. Mchezaji anavalia wapi? Nyuma ya ua wa makuti, sivyo? Mgeni aliyekaa mita nne juu atauona ule ua kwa ndani. Siri ya kinyago itakuwa imeisha siku ya ufunguzi. Kwa hili peke yake roshani ife.

FunduTurubai

Wakuu, mimi kazi yangu ni kufunga maturubai, viti na jukwaa, misiba, harusi, mikutano, sherehe za mbio za mwenge, zote. Niseme upande wa pili maana mnatulaumu sisi.

Turubai la meza kuu naliweka upande wa magharibi kwa sababu sherehe zinaanza saa tisa alasiri. Mgeni akitazama mashariki jua liko mgongoni kwake. Majukwaa makuu ya viwanja vya mpira kwa kawaida yanawekwa magharibi kwa sababu hiyo hiyo. Itifaki nayo inataka mgeni rasmi awe katikati, aonekane na wapiga picha, gari lake liwe karibu. Haya si mabaya.

Ubaya unaanza pale msema chochote anaposhika kipaza sauti na kuwaambia wachezaji, "geukieni meza kuu." Duara linafunguka, linakuwa mstari. Wananchi waliosimama upande wa pili wanabaki kuangalia migongo. Wapigaji wanasukumwa pembeni karibu na jenereta, hata hawawaoni wachezaji. Nimeliona hilo sehemu nyingi na linaniuma, kwa sababu na mimi ni mtu wa ngoma. Kuna sherehe moja nilishuhudia wazee waliacha kupiga kabisa, wakabeba ngoma zao wakaondoka. Waandaaji hawakuelewa kilichowaudhi.

Na hilo jukwaa la mita moja na nusu ni kosa la kitaalamu. Macho ya mtu aliyekaa yako kama mita moja na ishirini hivi kutoka chini. Jukwaa limempita macho. Safu za mbele, hao hao mnaowauzia kwa bei kubwa, hawataona miguu. Sindimba bila miguu na kiuno umeona nini?

MwalimuWaFasihi

Nafundisha Kiswahili sekondari huku Lindi, na kila tukifika kwenye tamthiliya wanafunzi wananiuliza sehemu za ukumbi zinaitwaje. Vitabu vinawapa jukwaa, pazia na hadhira, basi. Naomba tuliweke hapa vizuri, ili hata kwenye tiketi zenu maneno yawe sawa.

Neno jukwaa lenyewe lina kazi mbili kwetu: anaposimama mwigizaji, na wanapokaa watazamaji uwanjani, kama jukwaa kuu. Kwenye ukumbi wa maonyesho tiketi ikiandikwa "jukwaa" mtu atapanda kwa wachezaji. Kwa hiyo pa mwigizaji pabaki jukwaa au ulingo, na pa watazamaji pasemwe kwa mahali penyewe: viti vya chini, roshani, roshani ya juu, vyumba vya pembeni, safu ya kwanza mpaka ya mwisho, njia ya kati. Mtu wa Kilwa na wa Tandahimba wote watakuelewa. VIP haimwambii mtu aende wapi, inamwambia tu kwamba yeye ni mkubwa.

Mama BintiNewala umegusa suala la wanawake. Hispania ya karne ya 17 tamthiliya zilichezwa kwenye ua wa ndani kati ya nyumba. Ua wa Almagro, wa mwaka 1628, upo mpaka leo na bado unachezewa. Wanaume wa kawaida walisimama chini uani, na kwa kelele zao maonyesho yalipona au kufa. Wanawake walikuwa na roshani yao mkabala na jukwaa, yenye mlango wake wa kuingilia, ikaitwa cazuela, yaani chungu cha kupikia, kwa jinsi walivyobanwa humo. Wenzetu walitenga wanawake ili wasichanganyike na wanaume. Kwenye ngoma zetu wanawake wanakaa pamoja kwa sababu ya kuimba. Ukiangalia kwa mbali ni kitu kimoja, lakini cazuela inamfungia mtu na upande wa waitikiaji unampa kazi. Mchoro wenu ukiwapa kina mama "sehemu yao", hakikisheni ni ya pili.

MwanaChikongola

Nawashukuru sana. Mwalimu, umeniwekea maneno niliyokuwa nayatafuta.

FunduTurubai, uliyoyasema kuhusu kugeukia meza kuu yana historia ndefu. Paris, kwenye ukumbi mkuu wa Comédie-Française, mabwana walikuwa wanakaa juu ya jukwaa lenyewe, mabenchi yao pande zote mbili, waigizaji wanapenya katikati yao. Kisa ni kile kile, waonekane. Hela yao ilikuwa nzuri na wachezaji waliitegemea. Mwaka 1759 mabenchi yale yaliondolewa, na iliwezekana kwa sababu bwana mmoja, Lauraguais, alikubali kuwafidia wachezaji mapato waliyopoteza. Jukwaa likapata nafasi ya kuchezea. Ndugu yangu LindiMjini, hoja yako ya hela ni ya kweli, na unaona hata wale hawakuipuuza, walitafuta wa kuifidia. Kwa hiyo tutafute bei bila kuuza mahali ambapo ngoma inahitaji kufanyia kazi.

Mfano ulionivutia kuliko yote ni wa Wajapani. Ukumbi wa Kanamaru-za, mji wa Kotohira, ulijengwa 1835 kwa ajili ya kabuki, tamthiliya ya jadi ya Kijapani, na bado unatumika. Watu wanakaa chini. Sakafu imegawanywa kwa mbao nyembamba kuwa miraba, masu, familia au marafiki wanakaa kwenye mraba mmoja na chakula chao. Pembeni, palipoinuka kidogo, ni sajiki, na hapo ndipo pa bei kubwa. Na kutoka nyuma ya ukumbi mpaka jukwaani kuna njia inayopita katikati ya watu, hanamichi, mchezaji mkubwa anaingilia hapo, anasimama katikati ya watazamaji kabla hajafika mbele.

Niliposoma habari ya hanamichi nikamwona lipiko. Huyu haingii kutoka pembeni ya pazia, anatoka kichakani anapita kwa watu. Mchoro wetu haujampa njia kabisa.

Kwa hiyo nataka tupeleke mchoro mwingine: duara la mchanga chini, usawa wa ardhi, pasipo jukwaa. Mbele kabisa mikeka na majamvi, ya watoto na wenye kutaka kukaa chini, bila kitu kilichofungwa ardhini. Nyuma ya hapo safu za ngazi zinazopanda. Upande mmoja uachwe wazi bila safu, wa wapigaji na moto wao. Mkabala nao upande wa waitikiaji. Kati yao njia ya kuingilia kutoka kichakani. Viti vya bei kubwa viwe kwenye ngazi za kati, vyenye mgongo na kivuli, ambako mtu anaona vizuri bila kumzuia yeyote.

WaMikindani

Naunga mkono hoja, na kama kiwanja kina mteremko mshukuru Mungu. Huku Mikindani tuna vilima mpaka nyuma ya mji, hungehitaji zege nyingi, unachonga udongo na kupanga mawe ya matumbawe. Ukipanga ngazi, hakikisha mstari wa macho wa aliye nyuma unapita juu ya utosi wa aliye mbele kwa kama sentimita 12. Ikipungua sana watu watasimama, na wakisimama wa mbele wote wa nyuma watasimama.

Kuhusu sauti, watu wanasifu sana Epidaurus, kwamba neno la jukwaani linafika safu ya mwisho. Watafiti walieleza mwaka 2007 kwamba safu zile za mawe zinapunguza sauti nzito, zile za chini ya takriban hezi 500, na kuziacha nyembamba zipite. Kwa mwigizaji anayesema ni neema. Kwetu sauti nzito ndiyo ngoma yenyewe! Sisemi mawe yataiua, ngoma kubwa ina nguvu zake na ngazi zetu ni chache. Ila msipandishe safu nyingi, na msiweke watu mbali. Duara dogo lenye safu sita linatosha kuliko kubwa lenye safu ishirini.

Upepo pia. Ngoma nyingi zinachezwa baada ya mavuno, na huo ndio wakati wa kusi. Moto wa kupashia ngozi uwekwe ambapo moshi hauendi kwa waitikiaji. Kusi linatoka kusini, basi wapigaji wakae upande wa kaskazini wa duara.

FunduTurubai

Hiyo ya kaskazini nimeipenda, maana inatatua na jua langu. Wapigaji kaskazini, waitikiaji kusini, ngazi za kivuli magharibi, njia ya lipiko mashariki. Mgeni rasmi akae kwenye ngazi za magharibi safu ya pili au ya tatu, jua liko mgongoni, kamera zinampata, na hakuna wa kumgeukia kwa sababu duara halina mbele. Atakapotaka kuhutubia, ashuke mchangani asimame katikati. Kipaza sauti nitampelekea mimi.

Na lile geti lenye kufuli liondoke. Njia za kutokea ziwe nne, pana, bila mlango.

LindiMjini

Sawa, kwa mpangilio huo bei naiona. Ngazi za kivuli bei kubwa, ngazi za jua bei ya kati, mkeka bei ndogo, na watoto bure. Waitikiaji je? Nao wakate tiketi?

BintiNewala

Waitikiaji hawakati tiketi. Bila wao hakuna cha kuuza mlangoni. Mwimbishaji wao aje na kundi lake, wahesabiwe pamoja na wapigaji, na wakila wapigaji nao wale.

Kaka, ongeza kwenye barua yako: upande ule usiandikwe namba za viti, wala usiwekwe viti. Mabenchi mawili marefu ya kuhamishika, ya bibi zetu ambao hawawezi kusimama usiku kucha. Majina ni hayo hayo: kwa wapigaji, kwa waitikiaji, mkekani, ngazini.

MwanaChikongola

Nimeyachukua yote. Barua naiandika usiku huu, na mchoro mpya anauchora kijana wetu wa chuo cha ufundi. FunduTurubai, kesho kutwa tukutane kiwanjani na kamba. Wazee wa kikundi wamekubali kuja kusimama kwenye duara ili tupime upana wake kwa hatua zao, kabla ya mtu yeyote kushika jembe.